UZI: Shirika la ng'ambo linalosaidia watoto wa mitaani Mombasa limepata michango zaidi. Likue kwa njia gani?

BintTudor

Asalaam aleikum wanajamvi.

Kuna shirika dogo la hisani lililosajiliwa Uingereza. Linawasaidia watoto 22 waliotoka mitaani hapa Mombasa: karo, chakula, na kodi ya nyumba kwa baadhi ya walezi wao. Mwaka huu michango imepanda karibu mara tatu. Wadhamini wake, yaani bodi inayoliongoza, wanataka kununua kiwanja Kisauni wajenge makao ya vitanda 60, na wameshaanza kuchangisha kwa jina la jengo hilo. Hapa Mombasa wana mfanyakazi mmoja wa mshahara na vijana wawili wa kujitolea.

Nawaomba wanaoijua kazi hii: jengo linawezekana? Kama haliwezekani, pesa ziende wapi? Na wakitaka kutoka watoto 22 wafike 60, waongeze nini kwanza? Tafadhali mseme kwa kina, na hesabu ziwepo, maana nitayakusanya majibu niwapelekee wenyewe.

---

Sheria_Tononoka

Waaleikum salaam dada.

Waambie wasinunue kiwanja. Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto Novemba 2017. Baada ya hapo ikaja Sheria ya Watoto ya 2022, kisha mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032, ambao lengo lake ni kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha katika familia na jamii. Hata makao yaliyopo yanatakiwa yageuke kuwa vituo vya kuhudumia familia. Anayejenga bweni leo anajenga kitu ambacho nchi nzima inajaribu kukiacha. Ataweza kupata kibali cha ujenzi kama mtu yeyote anayejenga nyumba, na hapo ndipo wageni wengi hudanganyika. Kibali cha ujenzi hakikupi ruhusa ya kulaza watoto.

La pili ni la huko kwao, na nadhani hawajaliona. Uingereza, pesa iliyochangwa kwa kusudi lililotajwa imefungwa kwenye kusudi hilo. Kama tangazo lao linasema "tujengee makao Kisauni", hawawezi kuamka kesho wakalipia mishahara ya maafisa wa ustawi kwa pesa ileile bila kufuata taratibu za sheria ya hisani, pamoja na kuwarudia waliotoa. Walibadilishe tangazo wiki hii, waongeze sentensi moja: "Jengo lisipowezekana, au michango ikizidi, fedha zitatumika kuwarudisha watoto kwenye familia na kuwafuatilia." Iliyokwisha kuingia kabla ya hapo iwekwe kando kwenye vitabu, ihesabiwe peke yake.

La tatu, usajili wa hapa. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, ile ya 2013, ilianza kutumika 14 Mei 2024 na kuchukua nafasi ya sheria ya NGO ya 1990. Shirika lao linaweza kusajiliwa chini yake, lakini kwa ukubwa wao ningewashauri washirikiane na shirika la wenyeji ambalo tayari limesajiliwa na linajulikana kwa afisa wa watoto wa serikali katika kaunti ndogo. Kufungua tawi kunaleta bodi, ofisi, mkaguzi wa hesabu na taarifa za kila mwaka, na watoto 22 hawahitaji yote hayo. Kikundi cha kijamii nacho kinawezekana, kinataka watu wasiopungua 10, ila kikundi hakifai kubeba mamilioni.

Makubaliano na mshirika yaandikwe. Yataje nani anashika faili za watoto, nani anaajiri, taarifa zinakuja lini, na shirika la ng'ambo likiishiwa litatoa notisi ya miezi mingapi. Hiki cha mwisho husahaulika, na kinapokosekana ni mtoto anayefukuzwa shule katikati ya muhula. Ningeandika miezi 6.

---

UstawiPwani

Swadakta kuhusu jengo. Mimi naongeza hivi: hata sheria ingeruhusu, vitanda 60 visingepunguza watoto walioko Marikiti, Mwembe Tayari au feri ya Likoni. Wengi wao wana mtu mahali. Mama, nyanya, mjomba, kaka mkubwa. Wengine wapo hapahapa Kisauni na Changamwe, wengine Kinango, Ganze, Magarini, wengine bara. Waliondoka kwa sababu: kipigo, baba wa kambo, njaa, karo, msiba. Kitanda hakigusi hata moja katika hizo. Tena habari zikienea kwamba kuna makao ya bure yenye shule, wazazi maskini wataleta watoto ambao hawajawahi kulala nje hata siku moja, na vitanda 60 vitajaa kabla ya mtoto mmoja wa Mwembe Tayari kufika.

Wadhamini wakitaka kujua ukubwa wa jambo: hesabu ya kitaifa ya familia za mitaani ya 2018 ilipata watu 46,639 nchini, na 7,529 kati yao walikuwa Mombasa, ya pili baada ya Nairobi. Humo wamo watu wazima na familia nzima, wasije wakaandika kwenye mabango yao kwamba wote ni watoto.

Sasa kazi yenyewe.

Mtaani. Watu wawili, daima wawili, saa zilezile na siku zilezile, ili watoto wajue mtapatikana wapi. Alfajiri Kongowea malori yanaposhusha mboga, jioni Mwembe Tayari mabasi ya bara yanapoingia, Jumapili ufuo wa umma wa Pirates. Kipaumbele ni mtoto mgeni. Anajulikana: nguo bado zina rangi yake, viatu au ndara zipo mguuni, amekaa ukingoni mwa kundi badala ya katikati, hana chupa ya gundi ya kunusa mkononi, na macho yanafuata kila basi. Huyo ukimpata ndani ya siku 3, mara nyingi simu chache kwa chifu na mwalimu zinatosha kumpata mlezi. Akimaliza mwezi, ameshapata jina jipya, marafiki, kazi ya kuokota vyuma, na mkubwa anayemlinda na kumtoza. Kazi ya wiki moja inakuwa ya mwaka. Ndiyo maana Aprili, Agosti na Desemba, shule zikifungwa, wafanyakazi wasipewe likizo. Nambari 116 ya watoto haina malipo. Kila kondakta na muuza chai wa pale stendi awe nayo.

Mtoto mgeni akipatikana, afisa wa watoto ajulishwe siku hiyohiyo. Hakuna kumpeleka mtoto nyumbani kwa mfanyakazi "alale tu leo". Hapo ndipo mambo mabaya hutokea, na hata yasipotokea, hamtakuwa na la kujitetea.

Kumjua anakotoka. Jina la kwanza atakalokupa huenda si lake. Usilibishie. Usiulize "kwenu wapi", atakutajia mji mkubwa ulio karibu. Uliza shule ilikuwa na rangi gani, mwalimu wa darasa aliitwa nani, mnada ni siku gani, maji mlikuwa mnateka wapi, ukitoka msikitini au kanisani unashika njia ipi. Mpe karatasi achore njia ya kutoka shuleni mpaka mlangoni. Jina la mwalimu na siku ya mnada hutosha mara nyingi kumpata mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu humjua mzazi kuliko chifu anavyomjua.

Kwenda kwao bila yeye. Ziara ya kwanza mtoto abaki Mombasa. Unaangalia nani analala wapi, nani anapika, nani anakunywa, wadogo zake wako shuleni au la. Ongea na mlezi peke yake, kisha jirani, kisha mzee wa mtaa. Kama aliondoka kwa kipigo, jirani atakuambia kabla ya mama. Kama kuna dhuluma ya kimwili au ya kingono, nyumba hiyo imefungwa mpaka afisa wa watoto aseme, na mnatafuta ndugu mwingine. Kwa familia za Kiislamu, sheria ya 2022 inaitambua kafaalah, yaani kumlea mtoto asiye wako kwa utaratibu wa Kiislamu, kwa hiyo shangazi au jirani mwema anaweza kumchukua mtoto kwa njia halali, pasipo kufichaficha.

Kikao. Mlezi, mtoto, afisa wa ustawi, na mtu mmoja mzima ambaye mtoto amemchagua. Huyo wa mwisho ni muhimu kuliko anavyoonekana: ndiye atakayepigiwa simu mambo yakiharibika. Mnaandika ni nini kitabadilika nyumbani na nani atakifanya.

Siku ya kurudi. Arudi asubuhi, katikati ya wiki, muhula ukiwa karibu kuanza. Akirudi Ijumaa jioni na hana shule mpaka mwezi ujao, atakaa nyumbani bila kazi na atakumbuka mjini. Kitu mtakachompa yeye, wadogo zake wapate pia, hata kama ni daftari na ndara. Mtoto anayerudi na begi jipya kwenye nyumba ya watoto watano wasio na kitu atachukiwa usiku huohuo.

Ufuatiliaji. Mwezi wa kwanza kila wiki, miezi miwili inayofuata kila baada ya wiki mbili, kisha mara moja kwa mwezi mpaka mwaka uishe. Mashirika mengi huacha baada ya ziara ya pili kwa sababu mfadhili alilipia "kurudisha" na hakulipia kufuata. Watoto hao ndio mnaowaona tena Makupa baada ya miezi minne, na safari hii wamefunga mdomo, kwa sababu mara ya kwanza waliamini.

---

MzeeMakupa

Mwanangu UstawiPwani umesema vyema, lakini msidharau chakula. Mtoto mwenye njaa hakuchorei njia ya kwenda kwao.

---

UstawiPwani

Kweli mzee wangu, na sikidharau. Ninachokikataa ni chakula cha gari: gari linasimama barabarani, watu wanagawa mikate, wanapiga picha, wanaondoka. Wakubwa wanawanyang'anya wadogo, na mtoto anajifunza kwamba mtaani kuna chakula kila Ijumaa. Chakula kiwe kwenye kituo cha mchana, saa maalumu, kikiandamana na kuoga, kufua, muuguzi na mtu wa kuzungumza naye. Kituo cha mchana hakilazi mtu. Hata hivyo afisa wa watoto ahusishwe kabla hakijafunguliwa.

---

Jikoni_Kongowea

Kwa watoto 40, niwape vipimo, maana hapa pesa hupotea kwa kukisia.

Uji wa asubuhi, kikombe cha mililita 400: lita 16, unga kilo 1.6, sukari gramu 800. Wimbi uliochanganywa na mahindi unashiba kuliko mahindi matupu. Mchana, wali kwa maharage: mchele kilo 4.8, maharage makavu kilo 2.4 yaliyolowekwa usiku, mafuta chini kidogo ya nusu lita, vitunguu, nyanya, na mchicha mafungu mengi kadiri sufuria inavyobeba. Tui la nazi mara mbili kwa wiki linatosha. Anayetoka kwenye gundi hula kidogo siku za mwanzo na hutapika akishindiliwa, kwa hiyo apewe nusu sahani, arudie baadaye.

Maji ndiyo yatakayowasumbua Mombasa. Kuoga na kufua, lita 10 kwa mtoto ni lita 400 kwa siku, sawa na mitungi 20 ya mkokoteni. Kama kituo kina kisima cha maji ya chumvi, hayo yaende bafuni na kwenye nguo, maji matamu yabaki ya kupikia na kunywa. Wekeni matangi mawili, moja la kila aina, mabomba yasikutane. Tangi la maji matamu liwe la lita 1,000 kwenda juu, kwa sababu mfereji ukikauka siku tatu kituo hakifungi. Na sabuni ya kipande ikatwe vipande vidogo, kila mtoto chake. Kipande kimoja cha wote kinaisha kwa mtoto wa kumi.

---

Muuguzi_Likoni

Nitaongeza mawili tu. Upele ukiwatibu mmoja mmoja hautaisha. Wote wanaolala pamoja wapakwe dawa siku moja, kuanzia shingoni kwenda chini, katikati ya vidole na mikunjo yote, na nguo zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani siku hiyohiyo. Kwa hiyo kabla ya siku ya upele lazima muwe na nguo za kubadilisha kwa kila mtoto. Ndiyo sehemu inayosahaulika, na bila hiyo mnamwaga dawa. Nguvu ya dawa kwa watoto wadogo ipangwe na muuguzi, isipakwe tu ile ya watu wazima.

Gundi: msimwekee mtoto sharti la kuacha ndipo ahudumiwe. Chupa iachwe mlangoni, apewe kibandiko chenye namba yake, achukue akitoka. Siku anayoondoka bila kuiulizia mtaijua wenyewe.

---

HesabuSafi

BintTudor, uliuliza waongeze nini kwanza. Waongeze watu. Nitakuonyesha kwa ratiba ya UstawiPwani: ziara 4 mwezi wa kwanza, 4 miezi miwili inayofuata, 9 miezi iliyobaki. Jumla 17 kwa mtoto mmoja kwa mwaka. Mfanyakazi akiwarudisha watoto 12 kwa mwaka, hizo ni ziara 204. Toa Jumamosi, Jumapili, sikukuu na likizo yake, hana siku nyingi zaidi ya hizo. Sasa huyo mfanyakazi mmoja walionaye ana watoto 22 na bado wanatarajia aende Kongowea alfajiri. Haiwezekani, na faili zitaonyesha: ziara zitaandikwa "kwa simu".

Kiwango changu ni faili za watoto 20 kwa mfanyakazi, wakiwemo waliokwisha kutulia nyumbani, mwisho kabisa 25. Watoto 60 wanataka wafanyakazi watatu na msimamizi mmoja asiye na faili zake mwenyewe.

Gharama. Chukua mshahara wa jumla wa 50,000. Mwajiri anaongeza tozo ya nyumba asilimia 1.5 (750), NSSF ya akiba ya uzeeni asilimia 6 (3,000) na tozo ya NITA ya mafunzo ya kazi 50. Jumla 53,800 kwa mwezi. Watatu ni 161,400, kwa mwaka 1,936,800. SHIF, bima ya afya, ya asilimia 2.75 na kodi zinakatwa kwake mwenyewe, lakini kuziwasilisha ni jukumu la mwajiri. Msije mkamwita "wa kujitolea" mtu anayefanya kazi siku tano kwa wiki na kumpa "posho" ili kukwepa haya. Akienda kwa afisa wa kazi atashinda, na malimbikizo yatalipwa kwa pesa ya watoto.

Nauli: ukikadiria wastani wa shilingi 600 kwa ziara, pamoja na bodaboda ya mwisho kuingia kijijini, ziara 204 ni 122,400 kwa mfanyakazi. Hili ni fungu lake, lisichanganywe na "gharama za ofisi". Wafadhili wakitaka kupunguza gharama za ofisi ndilo la kwanza kukatwa, na ndilo kazi yenyewe.

Mtaji wa mlezi: shilingi 15,000 hadi 25,000, mara moja, na si taslimu mkononi. Mnalipa duka: karai, jiko, mkaa, unga na mafuta kwa mama wa mahamri na viazi karai, mbuzi wawili kwa nyanya wa Ganze. Kabla ya kutoa, mlezi akae siku moja na mtu anayeifanya biashara hiyo sokoni. Kufeli kwake hutokea wiki ya pili, anapokula mtaji kwa sababu mtoto anaumwa. Tengeni akiba ndogo ya dharura, kiasi cha 3,000 kwa familia, ili mtaji usiguswe.

Na kitu kingine ambacho wa ng'ambo hukidharau: bei ya fedha. Mwanzoni mwa 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160. Kufika katikati ya mwaka ikawa karibu 130. Shirika lililokuwa likituma dola 1,000 kila mwezi lilitoka kwenye 160,000 hadi 130,000 bila kupunguza hata senti moja kwao. Bajeti iandikwe kwa shilingi, ahadi itolewe kwa shilingi, na akiba ya miezi 4 ya mishahara na karo ikae benki hapa.

Akaunti iwe ya shirika, sahihi mbili kati ya tatu, na mmoja wa watatu asiwe ndugu wala mke wa mwingine. M-Pesa iwe Paybill ya shirika. Pesa ikipita kwenye namba ya mtu binafsi, hata awe mwaminifu vipi, mkaguzi hawezi kuifuata.

---

Msafiri_Bremen

Swali la pembeni. Walio Ujerumani wanafanyaje? Hapa kuna Wajerumani wengi wanaoipenda Pwani na kila mmoja anamlipia mtoto wake kivyake.

---

Sheria_Tononoka

Wakusanyike. Chama cha aina ya e.V., yaani chama kilichosajiliwa kwa sheria ya Ujerumani, kinataka wanachama 7 ili kisajiliwe, kisha ofisi ya kodi ndiyo inayokubali kwamba ni cha manufaa ya umma, na hapo ndipo kinaweza kutoa stakabadhi ambazo mchangiaji anatumia kwenye kodi yake. Kwa England na Wales, shirika la hisani likipita paundi 5,000 za mapato kwa mwaka linapaswa kusajiliwa na tume ya hisani. Kwa Gift Aid, mpango wa Uingereza wa kuirudishia hisani kodi ya mchangiaji, kila paundi 1 ya mlipa kodi inaongezewa peni 25. BintTudor, waulize kama wanaidai hiyo kwa kila mchangiaji anayestahili. Michango yao ikitimia paundi 20,000 na yote ikastahili, hiyo ni 5,000 nyingine, karibu bila jasho. Ila waweke ushahidi wa matumizi ya huku, kwa sababu mamlaka ya kodi yao inataka waonyeshe kwamba walichukua hatua za kutosha kuhakikisha pesa zilifanya kazi ya hisani baada ya kuvuka mpaka.

---

BintTudor

Shukran sana. Wao wanasema wachangiaji wao wamezoea "mtoto wangu": kila mmoja ana picha ya mtoto, barua mbili kwa mwaka, na paundi 25 kwa mwezi. Wanaogopa wakiuacha mtindo huo watakimbiwa.

---

UstawiPwani

Naielewa hofu yao, lakini mtindo huo utawafunga wakikua. Mfadhili wa mtoto mmoja akiacha kulipa, mtoto huyo afanywe nini? Mtoto akirudi kwao na kusimama vizuri, shirika linapoteza paundi 25, kwa hiyo kuna sababu ya pesa ya kumbakiza kwenye orodha. Wawili wa nyumba moja, mmoja ana mfadhili na mmoja hana. Na kuna wafadhili wanaoanza kutuma zawadi, kisha kuomba namba ya simu, kisha kuja.

Wahamishe taratibu kwenda mfuko mmoja. Mchangiaji apewe kundi: "watoto wa njia ya Kinango", au "mwaka wa kwanza nyumbani". Kila miezi mitatu apate taarifa moja ya kweli isiyo na jina wala sura, yenye hesabu nne: watoto wapya waliopatikana, waliorudi nyumbani, wanaoendelea kuwa nyumbani baada ya miezi 12, na waliorudi mtaani pamoja na sababu. Hiyo ya nne ndiyo itakayowafanya waaminike. Shirika linaloripoti kwamba hakuna aliyerudi mtaani halijaenda kuwatazama.

---

Linda_Watoto

Kwa kuwa picha zimetajwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data iliitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini. Kwa watoto hawa mimi nasema sura zisionekane kabisa, hata idhini ikiwepo. Mlezi anayesaidiwa karo hawezi kukataa kwa uhuru. Na mtoto wa miaka 9 aliyepigwa picha na chupa ya gundi atakuwa na miaka 25 anatafuta kazi, picha bado iko.

Wageni: Pwani yetu ina tatizo la watu wanaokuja kwa ajili ya watoto, na shirika dogo lenye mapenzi mema ndilo mlango rahisi. Mfanyakazi wa hapa alete cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi, kabla ya siku ya kwanza, si baada ya mwezi. Mwingereza alete cheti cha kimataifa cha ulinzi wa mtoto kinachotolewa na ACRO, ofisi ya polisi wa kwao ya rekodi za uhalifu. Hakuna mgeni anayekaa na mtoto peke yake, hakuna anayemtembelea mtoto nyumbani kwao, hakuna kubadilishana namba wala akaunti za mtandao. Wiki mbili za kujitolea "kucheza na watoto" zifutwe. Mwenye ujuzi wa hesabu, ukaguzi au mafunzo awafundishe wafanyakazi.

Malalamiko yawe na njia mbili, na moja isipite kwa mkuu wa mradi. Mara nyingi mkuu ndiye anayelalamikiwa.

---

MzeeMakupa

Na hao 22 wa sasa? Wasije wakaachwa kwa sababu mpango umebadilika.

---

UstawiPwani

Umeuliza la maana, mzee wangu. Wao ndio waanze, kabla ya mtoto mpya hata mmoja kuingia. Kila faili ifunguliwe upya na kuwekwa kwenye moja ya makundi matatu: ana mlezi imara na anahitaji karo tu, ana mlezi anayeyumba, au shirika ndilo linalomlipia kodi akikaa na mtu asiye nduguye. Kundi la tatu ndilo la hatari, afisa wa watoto akae nalo meza moja mtoto kwa mtoto.

Hati za kuzaliwa ziangaliwe mapema, maana bila cheti usajili wa shule na mtihani unakwama. Usajili wa kuchelewa unataka barua ya chifu, kadi ya kliniki, nakala za vitambulisho vya wazazi. Kadi ikikosekana, tathmini ya umri hospitali ya serikali. Jina la mama kwenye kitambulisho likitofautiana hata kwa herufi na la kwenye kadi, mtarudishwa, kwa hiyo linganisheni kabla ya kwenda. Aliyezaliwa nyumbani Kinango akasajiliwe kule kwao. Mfanyakazi asafiri na mlezi mwenyewe, wasiagize mtu.

Mtoto mkubwa aliyeacha darasa la pili na sasa ana miaka 14 asiketishwe na wa miaka 8. Atatoroka. Atafutiwe shule yenye mwalimu wa kumfundisha pembeni kusoma na hesabu muhula mmoja au miwili, kisha chuo cha ufundi. Wa miaka 16 na 17 waanze kuandaliwa leo: kitambulisho wakifika 18, fundi wa kumshika mkono, kodi ya chumba inayopungua kila robo mwaka kwa tarehe anazozijua. Shirika lisilopanga hili huwatoa watoto siku ya kuzaliwa ya 18, na maskani za mateja haziko mbali.

BintTudor, waambie robo mwaka ya kwanza ni hii tu: tangazo la michango libadilishwe, wafanyakazi wawili waajiriwe kwa mkataba, faili 22 zifunguliwe upya, mkutano mmoja na afisa wa watoto. Watoto wapya waanze robo ya pili, wasizidi watano kwa mwezi.

---

BintTudor

Nimeyachukua yote, shukran. Mkutano wao wa wadhamini ni Jumamosi. HesabuSafi, ile ratiba ya ziara 17 naomba uiweke kwenye jedwali, nitaibandika ndani ya waraka wao kama ilivyo.

---

HesabuSafi

Nitakutumia leo usiku, ikiwa na safu ya nauli na safu ya "mtoto alionekana kwa macho, ndiyo au hapana". Hiyo ya pili wasiitoe.